Nyumba Kumi – Ploti ya Geti Bluu, Free Area

Mama Njeri: Habari za jioni majirani. Jumapili saa kumi, chini ya mti wa avokado, kila nyumba itoe mtu. Mpangaji wa namba 9 ana wiki mbili hapa na hakuna anayejua jina lake. Mchana amejifungia, usiku maboksi yanaingia.

Mama Njeri: Mmesoma, tiki za bluu naziona.

Otieno: Hayo maboksi yanalia piu piu piu 🐣

Baba Shiro: 😂😂

Mama Njeri: Chekeni tu. Nyumba Kumi ililetwa 2013 baada ya magaidi kuvamia Westgate, ni ya majirani kujuana na kulinda usalama, si ya kuchangia maua. Na wale magaidi wa hoteli ya Dusit 2019? Walikuwa wamepanga nyumba hapo Muchatha, Kiambu, wanaishi tu na majirani. Wakatangaza vyombo vya nyumba kwa Facebook wauze, siku chache hivi watu 21 wakafa. Polisi kujua hiyo nyumba, watu washakufa.

Mama Njeri: 2025 wengine wawili wakafungwa miaka 30 kila mmoja, kuwasaidia na pesa na vitambulisho feki. Kwa hivyo tuwe na daftari. Jina, kitambulisho, simu, kazi, kwao ni wapi. Nakala kwa chifu. Kila nyumba shilingi 50.

Otieno: 50 ya daftari ama ya ile taa ya geti tulichangia 2022?

Mama Njeri: Otieno usinianze

Baba Shiro: Fundi ndiye alikula hiyo pesa, tuliongea tukamaliza.

Otieno: Mlimaliza na nani

Halima: Na mimi niulize. Baada ya hiyo Dusit, nani alipiga simu akasema ndugu yangu ana nyaya kwa nyumba? Alikuwa anatengeneza redio zenu! Ya Baba Shiro ilikuwa mezani imefunguliwa mgongo, wakaibeba eti ushahidi. Alilala ndani siku tatu. Hakuna mtu wa hii ploti alikuja kusema pole.

_Mama Njeri amefuta ujumbe_

Baba Shiro: Pole dada. Hiyo redio sikuiona tena.

Otieno: Kumbe unalilia redio

Mzee Barasa: Mimi niko hapa tangu 1994. Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi, karatasi kama hiyo ilikuwako. Namba ya mlango, na kando yake kwao ni wapi. Namba 3 na 6 zilichomwa usiku mmoja. Aliyeandika tulikuwa tunamsalimia. Jina na simu nitatoa. Hiyo ingine kwangu msiandike.

Mama Njeri: Tumekusikia Mzee.

Mama Njeri: Hiyo ya kwao ni wapi tutaongea Jumapili, nimuulize chifu kwanza. Sasa namba 9 nani atambishia?

Mama Njeri: ???

Halima: Nitaenda mimi. Nyinyi mtaenda na polisi.

_Asubuhi, saa 1:12_

Kevo namba 7: Nauza kochi na meko, bei ya kuongea

Mama Njeri: Kelvin unahama??

Kevo namba 7: Hapana, kwani nini? Sijasoma huko juu