Kodi ya zuio ya pango: anayedaiwa ni mwenye fremu, anayebanwa ni mimi mpangaji

Wakuu, leo nimefunga mgahawa saa tisa alasiri. Wali ulikuwa bado upo sufuriani, lakini mikono ilikuwa inatetemeka kwa hasira nikashindwa hata kushika mwiko. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Niko Morogoro, pande za Msamvu. Meza sita, wasichana wawili wa kazi. Nilianza chini ya mwembe na majiko mawili ya mkaa, mamantilie kama wengine. Mwaka 2021 nikasema basi, nami nifanye biashara inayotambulika. Nikatoa kilemba, ile hela ya kuachiwa chumba, nikapata fremu ya biashara. Nikachukua TIN, namba ya mlipakodi, nikasajili jina la biashara BRELA, nikakata leseni halmashauri. Siku naitundika ile leseni ukutani nilimpigia mama simu kumwambia.

Tangu siku hiyo ninaishi na faili la buluu. Humo mna leseni, usajili, karatasi za afya za wasichana, maana anayeshika chakula anapimwa kila miezi sita, karatasi za zimamoto, risiti ya kuhakikiwa mzani wa nyama, michango ya NSSF ya kila mwezi. Kodi ya makadirio nailipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila karatasi inaisha kwa tarehe yake, na kila moja ina ofisi yake. Sawa, hayo nimeyazoea, nimeyaandika kwenye kalenda ya jikoni.

Kinachoniua ni kodi ya zuio ya pango.

Kwa wasioijua: ukipanga fremu ya biashara, sheria inakutaka ukate asilimia 10 ya pango, uipeleke TRA, mamlaka ya mapato, halafu mwenye fremu umpe kilichobaki pamoja na hati yake ya zuio. Hiyo ni kodi ya mapato YAKE. Mimi ni wa kuikata na kuifikisha tu. Lakini nisipoikata, deni linakuwa langu, na riba juu.

Sasa njooni kwenye fremu yangu. Pango ni 300,000 kwa mwezi na mwenye fremu analitaka la miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,800,000. Kwa sheria nimpe 1,620,000 na 180,000 iende serikalini. Mara ya kwanza nilimweleza kwa adabu kabisa, nikamwonyesha na karatasi. Akanijibu, "Mama, mimi nataka yangu kamili. Kama huwezi, kuna watu watatu wanaisubiri hii fremu." Na kweli wapo. Nikalipa kamili, na ile 180,000 nikaitoa mfukoni mwangu. Nimeitoa hivyo kila baada ya miezi sita. Ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka, nao nimeulipa mimi. Tena tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na umeme wa fremu nanunua mimi! Jengo si langu, hata msumari siruhusiwi kupigilia bila kumuuliza.

Safari hii ile 180,000 sikuwa nayo. Mtoto alilazwa, hela ikaenda huko. Matokeo yake zuio halijalipwa, kwa hiyo cheti cha kutodaiwa kodi sipewi, na bila cheti hicho leseni haihuishwi. Leseni ikaisha wiki iliyopita.

Leo saa saba, watu wamejaa, wakaingia mabwana wawili wa ukaguzi, vitambulisho shingoni. Nikawaletea faili. Mmoja akawa anafunua kwa kidole, cheti baada ya cheti, hasemi kitu, mpaka akafika kwenye leseni. "Hii imekufa." Nikaanza kumweleza habari ya zuio. Akasema hayo si ya ofisi yake. Akalibwaga faili mezani, juu ya mchuzi wa maharage uliomwagika, na karatasi za afya za wasichana zikalowa pale pale. Nikaandikiwa faini mbele ya wateja. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anakula akainuka akalipa, akaondoka na chakula nusu sahani.

Hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu wapo wenzangu wanapika chini ya mwembe ule ule. Hakuna aliyewagusa, na siombi waguswe, nayajua maisha yao. Ninachouliza ni kwa nini ukaguzi unaanzia na kuishia kwa yule aliyetundika leseni ukutani.

Najua kuna watakaosema "mkate tu, sheria iko upande wako". Sheria hiyo hainipi fremu nyingine akinitoa, wala hainirudishii kilemba. Mwenye jengo anajulikana, na LUKU yenyewe inalijua jengo lake. Wamfuate yeye kwa kodi yake, na deni lake lisiwe kufuli kwenye leseni yangu.

Jumamosi anakuja kuchukua ya miezi sita mingine. Kama kuna mpangaji humu aliyewahi kumkata mwenye fremu hiyo asilimia 10 na bado yumo ndani ya fremu, anieleze alimwambia nini, na mkataba wake aliuandika vipi.