Wakutubi wa vyuo na mitandao ya kijamii: wanaogopa nini hasa?

Mkutubi Kijana (mleta mada): Wakuu, heshima yenu. Mimi ni afisa maktaba kwenye chuo kimoja huku bara. Tumepeleka andiko: maktaba iwe na chaneli ya WhatsApp, kundi la Telegram kwa kila ndaki, na wanafunzi waruhusiwe kuandika maoni chini ya kitabu kwenye katalogi ya mtandaoni. Menejimenti imekubali. Waliogoma ni wenzangu wa kaunta. Kila kikao jibu ni "tutaangalia". Na hao hao TikTok wapo, tena wana wafuasi kuliko chuo. Tuwashawishi vipi? Au wana hoja?

Msomi wa Kimbweta: Hoja ipi? Watu kazi yao kupiga umbea na kutuambia "nyamazeni". Mwanzo mwisho sijawahi kuulizwa unatafuta nini. Kwanza mturuhusu kuingia na mabegi, ndiyo mje na Telegram.

Mama Rafu: Wewe Kimbweta, umbea napiga saa ngapi? Nimeanza kazi hii enzi za kadi na droo. Zamu moja mtu mmoja: nakaa kaunta, narudisha vitabu rafuni, nafukuza wanaokula chipsi chumba cha kompyuta. Sasa hilo kundi la Telegram atalijibu nani saa nne usiku, na kwa bando la nani? Kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, sina pa kujaza "nimejibu meseji za wanafunzi". Mwisho wa mwaka napewa alama za chini kwa kazi ambayo mfumo hauioni. Na mabegi hamuingii nayo! Juzi kitabu cha anatomia kimerudi rafuni kimebaki jalada na faharasa.

Msomi wa Kimbweta: Kwa hiyo sisi wote wezi? Laptop ya mwenzangu iliibiwa hapo hapo mlangoni kwenye rundo la mabegi. Mlinzi alikuwepo, anacheza gemu kwenye simu.

Chalii wa Moro: Hili la mabegi nalo ni kweli kabisa. Yangu ilinyeshewa mvua na mtihani kesho yake. Notisi zikawa uji.

Babu Katalogi: Vijana, hii homa tumeiona. 2005 Mmarekani mmoja, Michael Casey, alikuja na wazo la "Library 2.0", yaani maktaba ihamie mtandaoni na wasomaji washiriki, dunia nzima ikachanganyikiwa. Tukaambiwa blogu, tukaambiwa Facebook. Nendeni mkatazame hizo kurasa leo, tangazo la mwisho ni salamu za Pasaka, na chini yake mwanafunzi kauliza "Jumamosi mnafungua?" mpaka leo hajajibiwa. Halafu X ilipofungiwa nchini Mei 2025, chuo ambacho kilikuwa kimehamishia matangazo yote huko kilipaswa kutuma njiwa?

Pwani Tulivu: Babu umeniua mbavu. Sisi huku Kenya chuo nilichosoma mimi waliweka dirisha la "Uliza Mkutubi" kwenye tovuti. Unauliza saa tatu asubuhi unajibiwa. Unauliza usiku unajibiwa asubuhi. Hakuna mtu aliyekufa. Na mabegi tulikuwa na makabati, waja na kufuli lako mwenyewe.

Msomi wa Kimbweta: Umeona! Makabati! Kenya wanaweza, sisi rundo la mabegi mlangoni kama mitumba ya Karume.

Mama Rafu: Basi nenda Kenya ukasome.

Chalii wa Moro: Kwani lazima Kenya? Mlimani hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Wachina wameshusha jengo la maktaba la watu elfu mbili na kitu, hayati Magufuli kazindua 2018. Muulize mtu anayesoma pale anataka nini, atakwambia soketi ya kuchajia na Wi-Fi isiyokatika. Hayo makundi wanafunzi tunayo tayari, CR, kiongozi wa darasa, anatupia PDF na maisha yanaendelea.

Wakili wa Uswazi: Hizo PDF za CR tuziache kwanza, maana hakimiliki nayo ni kesi. Mleta mada, swali langu: kuna maktaba naifahamu ilitupia kwenye kundi orodha ya waliochelewesha vitabu, majina, namba za usajili na simu. Binti mmoja alisumbuliwa wiki nzima na watu asiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Mkiingia huko bila mwongozo mtajibu kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Msomi wa Kimbweta: Orodha hiyo walikuwa na muda wa kuiandaa. Begi kulilinda hawana muda.

Fundi Koha: Mnabishana bure. Kama mnatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, maoni ya wasomaji yamo humo humo, mnawasha tu kwenye mipangilio. Na hayatokei hadharani mpaka mtumishi ayapitishe, kwa hiyo anayeogopa matusi alale salama. Hulipii leseni. Ilianzia New Zealand kwenye maktaba ya kawaida tu, kama 2000 hivi, si ya chuo kikubwa.

Mama Rafu: "Mpaka mtumishi ayapitishe." Mtumishi yupi, kaka?

Fundi Koha: Si dakika tano tu dada.

Mama Rafu: Kila mwenye wazo lake huja na dakika tano zake kwenye kaunta yangu. Zikusanye uone.

Babu Katalogi: 😂😂 Fundi kanyamazishwa.

Mkutubi Kijana: Jamani mabegi tuyafungulie uzi wake. Mama Rafu, naona wenzangu hawajawahi kuniambia wazi hivyo kwenye kikao. Kazi hii ikiingizwa kwenye malengo ya PEPMIS, simu na bando vikawa vya ofisi, na zamu ikiisha simu inabaki droo ya kaunta, ungekubali?

Mama Rafu: Na anayeikuta asubuhi awe na msaidizi, asijibu huku foleni imesimama. Iandikwe na isainiwe. Kwa mdomo nimeshaahidiwa mengi.

Msomi wa Kimbweta: Simu inapewa droo yenye ufunguo, laptop ya milioni inakaa sakafuni. Sawa.

Chalii wa Moro: Anayejua fundi wa makabati ya chuma Morogoro aje inbox, tunachanga darasa zima.