Tunaajiri mtu wa usalama wa mitandao hospitalini, CV zote zinafanana. Naombeni ushauri

Mzee wa Seva (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Naongoza kitengo cha TEHAMA kwenye hospitali ya taasisi ya dini, Nyanda za Juu Kusini. Kitengo kizima tuko watatu, na hao hao ndio wanaoitwa printa ya dirisha la dawa ikigoma. Bodi imepitisha nafasi ya mtu wa usalama wa mitandao. Nafasi moja tu.

Tumetangaza, CV zimefurika, ila ni kama zimeandikwa na mkono mmoja. Kila mtu ana "shauku ya kulinda mifumo ya afya", kila mtu "amebobea kutambua vitisho kwa akili mnemba". Tukawapa swali la kufanyia nyumbani, majibu yakarudi yanafanana mpaka vichwa vya aya. Juu ya hapo kuna mjumbe wa bodi anahoji kwa nini tuajiri mtu wakati fedha hiyo hiyo inalipia programu ya AI ya kulinda mtandao mwaka mzima.

Nawachujaje hawa? Cheti gani nikiweke cha lazima? Na huyo mjumbe nimjibu nini? Nawasilisha.

Kitunguu Maji
Chukua mwenye CV yenye makosa ya herufi, huyo ndiye binadamu 😂

Sauti ya Zege
Mkuu, swali la nyumbani achana nalo, siku hizi halipimi kitu. Waite ofisini, wape kompyuta, na AI waruhusu waitumie. Hata akishaajiriwa ataitumia tu. Unachotaka kuona ni kama anagundua pale inapomdanganya. Chapisha kurasa chache za kumbukumbu za mfumo, zile zinazoonyesha nani aliingia na lini (ondoa majina ya wagonjwa), ficha humo tukio moja la ajabu, mfano akaunti ya mhasibu imeingia saa tisa usiku kutoka nje ya nchi, halafu mwambie akueleze kwa mdomo nini kimetokea. Anayeelewa utamjua ndani ya dakika kumi.

Swali la pili uliza hivi: usiku wa manane muuguzi wa wodi ya wazazi anapiga simu, mfumo haufunguki, kwenye skrini kuna ujumbe wa kudai fedha. Anaanzia wapi? Anayekimbilia "nazima seva zote" kabla ya kujua nani yuko chumba cha upasuaji na majibu ya maabara yanapitia wapi, huyo ameishia kwenye vitabu. Anayekuuliza fomu za karatasi ziko kabati gani, msikilize.

Vyeti: CISSP ni cheti cha wabobezi wa usalama, inadai uzoefu wa miaka mitano. Nimeshaona tangazo linaitaka kwa mshahara wa aliyemaliza chuo jana. Kwenu Security+, cheti cha ngazi ya kuanzia, au inayolingana nayo inatosha, tena iwe nyongeza, si sharti.

Sista wa Zamu
Naomba nisemee wodini. Akaunti moja tunaitumia wengi kwa sababu kuingia upya kunachukua muda, na mgonjwa anayevuja damu hasubiri. Mkituletea mtu wa kuamuru nywila ndefu ya kubadilishwa kila mwezi, tutaibandika pembeni ya skrini, nawaambia ukweli. Wekeni muuguzi kwenye jopo la usaili. Amuulize msailiwa atafanyaje hapo, na mwone kama anajibu au anafoka.

Mkoba wa Ngozi
Kuhusu mjumbe, mpe kisa cha huduma ya afya ya Ireland, HSE. Machi 2021 mtumishi mmoja alifungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Tarehe 31 Machi programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta hiyo iliona zana za wadukuzi zinafanya kazi, lakini ilikuwa imepangwa iangalie tu, isizuie. Hakuna aliyefuatilia. Tarehe 14 Mei mafaili yakafungwa nchi nzima. Wadukuzi wenyewe baadaye walitoa bure ufunguo wa kuyafungua, na bado urejeshaji ulikula miezi. Programu ilikuwepo na iliona. Mtu wa kushtuka ndiye aliyekosekana.

Februari 2024 Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayoshughulikia malipo ya matibabu, iliingiliwa kupitia lango lisilo na uthibitisho wa hatua mbili, kampuni mama ikawalipa wadukuzi dola milioni 22. Mwaka huo huo, Juni, maabara za taifa za Afrika Kusini, NHLS, zilikwama kwa kudukuliwa, madaktari wakakosa majibu ya vipimo kwenye mfumo.

AI imebadilisha zaidi upande wa ulaghai. Zamani barua ya hadaa uliitambua kwa Kiswahili chake kibovu. Leo inakuja imenyooka, hata sauti ya mganga mfawidhi inaigizwa. Msailiwa muulize angezuiaje malipo yaliyoagizwa kwa simu ya namna hiyo. Jibu zuri ni utaratibu: unakata, unapiga mwenyewe namba unayoijua.

Shamba la Mawe
Niko Nairobi. Ndugu, usiajiri mtu hujamwona ana kwa ana. KnowBe4 ya Marekani, ambao kazi yao ni kufundisha watu usalama, walieleza Julai 2024 kwamba walimwajiri mtu wa Korea Kaskazini. Alipita usaili wa video mara nne, picha yake ilikuwa ya mtandaoni iliyogeuzwa kwa AI. Kompyuta ya kazi ilipomfikia tu akaanza kupakia programu hasidi.

Wakili wa Kijiweni
Usisahau Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Hospitali inatakiwa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa. Kofia hiyo msimvike huyu mnayemwajiri, maana atakuwa anajikagua mwenyewe. Na kwenye mkataba wa kila mtumishi andikeni wazi: taarifa za mgonjwa hazibandikwi ChatGPT.

Mzee wa Seva
Asanteni sana. Sista, nafasi kwenye jopo utapata mwenzako. Hofu yangu iliyobaki ni mshahara. Nikimpika mwaka mmoja, benki inamchukua.

Sauti ya Zege
Itamchukua kweli, niko benki na ndivyo tunavyofanya 😅. Kwa hiyo tazama ndani kwanza. Hamna kijana wa maabara au wa vifaa tiba anayejua mashine ipi inaongea na seva ipi? Huyo mfundishe usalama. Ni rahisi kuliko kumfundisha mtu wa benki kwa nini eksirei yenu bado inatumia Windows 7 na msambazaji hataki iguswe. Kazi yake ya kwanza iwe kuitenga hiyo mashine kwenye mtandao wake peke yake. Ya pili, arejeshe bakapu (nakala ya akiba) yote kwenye seva tupu huku wewe umeshika saa.

Mzee wa Seva
Yupo mmoja maabara. Hakuomba, alidhani tangazo ni la watu wa nje. Kesho namwita.