Namba kumi wao anatutesa, nimkabe vipi?

Mwalimu wa Jioni

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha vijana wa mtaani hapa Tanga, chini ya miaka 20, mazoezi baada ya alasiri kwenye uwanja wa shule ya msingi. Jumamosi ijayo tunarudiana na timu iliyotufunga 3-1 mwezi uliopita, na mabao yote matatu yalitokana na mtu mmoja, namba kumi wao, yaani kiungo mchezeshaji anayecheza nyuma ya straika. Dogo mwembamba, mguu wa kushoto, wala hakimbii. Anasimama nyuma ya viungo wangu kama mtu anayesubiri daladala. Mpira ukimfikia anageuka, na ukitazama straika wao keshabaki na kipa.

Kipindi cha pili nilimwambia namba sita wangu, kiungo mkabaji: "Huyo wako, akienda kunywa maji nenda naye." Kijana ana pumzi na ni msikivu, akamfuata kweli. Yule dogo akashtukia, akajisogeza zake pembeni karibu na mstari, na namba sita wangu huyoo nyuma yake. Katikati pakabaki peupe. Namba nane wao, kiungo wa kati mwingine, akatembea na mpira mpaka kwenye boksi hajaguswa na mtu. Ndilo bao la 3.

Nacheza 4-4-2, mabeki wanne, viungo wanne, straika wawili. Nina mazoezi manne tu kabla ya mechi. Msiniambie nibadili wachezaji, ninao 15 na wawili wana mitihani.

Beki Kisiki

Mwalimu unajisumbua bure. Dakika ya 5 mpe mguu mmoja wa salamu, hatasogea tena hapo kati. Enzi zetu ndivyo tulivyokuwa tunamaliza kazi.

Koni na Filimbi

Kisiki, enzi zenu hata marefa walikuwa wanawaogopa. Leo hiyo salamu ni kadi, na mwalimu ana watu 15.

Mwalimu, usimlaumu kijana wako. Fainali ya Kombe la Dunia 1986, Beckenbauer, kocha wa Ujerumani Magharibi, alimkabidhi kiungo wake Matthäus kazi hiyo hiyo ya kumfuata Maradona wa Argentina. Wajerumani wakafungwa mawili, wakarudisha yote, na zikiwa zimebaki dakika chache Maradona, watu wamemzunguka, akaachia pasi moja tu kwa mwenzake Burruchaga. 3-2, kwisha habari. Sisemi kukaba mtu kwa mtu hakufai. Aprili 2017 Mourinho, akiwa kocha wa Manchester United, alimpa kiungo Ander Herrera kazi ya kumganda Hazard wa Chelsea pale Old Trafford, United wakashinda 2-0, tena Herrera mwenyewe akatoa pasi ya bao na kufunga jingine. Ila Herrera alikuwa na watu nyuma yake wa kuziba alipotoka. Wako hakuwa na mtu.

Kwa hiyo nakuuliza: nani anampa huyo dogo mpira? Hapo ndipo pa kuanzia. Nakuhakikishia kuna kiungo wao wa chini, au beki wa kati mmoja, ndiye anayempelekea. Chukua straika wako mmoja, mshushe asimame mbele ya huyo mtu. Asimkimbilie, amzibie tu njia ya pasi ya katikati. Wakipiga pembeni, waache wapige.

La pili ni nafasi kati ya mabeki na viungo. Mabeki wako wanarudi nyuma kwa woga, viungo wanapanda kwa hamu, na lile pengo ndilo kituo chake cha daladala. Pima hatua 12, zisizidi 15. Mpe beki wa kati mwenye sauti kazi ya kupiga kelele "pandaa!" kila mpira unaporudishwa kwao.

La tatu, kukabidhiana. Akienda pembeni ni wa beki wa pembeni, akishuka chini ni wa namba nane, namba sita habanduki katikati. Fanyeni kwa koni: eneo la hatua 30 kwa 20, watano kwa watano, na mmoja anajifanya yule dogo. Akipokea akiwa ameelekea goli, pointi kwao. Msihesabu mabao kabisa.

Kumi Mstaafu

Mimi nilikuwa huyo dogo, kwa hiyo nisikilizeni. Mkabaji mwenye nguvu hakunisumbua hata siku moja. Nilimpenda, maana anakuja kwa kasi, unagusa mpira kidogo, ameshapita. Aliyeninyima raha ni mmoja aliyekuwa anasimama nusu ubavu, jicho moja kwenye mpira na jingine kwangu, halafu anafika mgongoni *wakati mpira uko njiani*. Hakunipiga. Alinifanya tu nirudishe pasi nilikotoka. Ukirudisha nyuma mara kumi, wenzako wanaacha kukupa.

Mwambie namba sita: akishageuka, usilale chini. Rudi nyuma naye taratibu, mpeleke mguu wa kulia, subiri mwenzako. Ukilala kakupita, au ni faulo.

Na kitu kingine, sisi namba kumi hatupendi kurudi. Mkipata mpira, namba nane wako apite mgongoni mwake mbio.

Mwalimu wa Jioni

Hapo kwenye kukabidhiana ndipo ninapoogopa. Vijana wataniambia "nilidhani ni wa fulani".

Koni na Filimbi

Neno moja tu: "wako!" Anayemwachia ndiye anayelisema, na hamwachii mpaka mwenzake ajibu "wangu!" Siku ya kwanza watacheka. Waache wacheke.

Mwalimu wa Jioni

Naleta mrejesho. Tumetoka 1-1.

Nilikaa na vijiti vya kiberiti mfukoni, kila dogo akipokea ameelekea goli letu nahamishia kimoja mfuko wa pili. Kipindi cha kwanza vijiti 2 tu. Mpaka akaanza kushuka kwa mabeki wake kuufuata mpira, na huko hana madhara. Bao letu ni namba nane alivyopita mgongoni mwake, kama alivyosema Mstaafu.

Kama dakika ya 70 namba sita kachoka, dogo kageuka, kijana akalala. Faulo, mita 20 hivi, upande wa kulia. Ule mguu wa kushoto.

Kumi Mstaafu

Nilisema asilale.

Mwalimu wa Jioni

Ulisema, kaka. Jumanne tunaanza na ukuta.