Mtoto alitokwa na vipele baada ya kula jodari: tumpeleke tena kwenye tamasha la vyakula?

Mama Wawili, Chumbageni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Sikukuu ya Nane Nane tumepanga kushinda Raskazone, hapa Tanga, kwenye tamasha la vyakula, sisi, watoto wetu wawili na bibi yao atakayetoka Muheza. Mwaka jana tulitoka hivyohivyo tukarudi na majonzi. Mwanangu wa miaka 7 alikula mishkaki miwili ya jodari ambaye alikuwa amekaa kwenye sinia tangu asubuhi, na hata nusu saa haikupita, uso ukamwaka moto, vipele vya kuwasha vikamtoka shingoni na kifuani, akalia kwamba kichwa kinamgonga. Baba yake, aliyemmalizia kipande cha mwisho, naye alisikia moyo ukimwenda mbio. Mtoto alikuwa ameniambia mapema kwamba nyama ile inamchoma ulimi kama pilipili, nami nikamwambia aache kudeka. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku ile hatumpi samaki yeyote, na kila tukipika changu wa kupaka yeye hutengewa maharage. Je, huu ni mzio wa samaki? Na siku ya tamasha nimlishe nini asijione ametengwa?

Muuguzi Mstaafu, Ngamiani

Waaleikum salaam. Pole sana, mama, na usijilaumu, kwa kuwa watu wengi hawajui kwamba ule mchomo wa ulimi ni dalili.

Siwezi kutaja ugonjwa wa mtoto ambaye sijamwona, lakini mambo mawili katika maelezo yako yananifanya nifikirie sumu ya histamini kabla ya mzio. La kwanza ni huo mchomo, na la pili ni kwamba baba naye alipatwa, ilhali mzio ni wa mwili wa mtu mmoja na haumpati kila aliyeshiriki sahani. Jodari, kibua na nguru kwa asili wana kemikali iitwayo histidini kwa wingi katika nyama yao, na samaki hao wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini. Ubaya wake ni kwamba histamini ikishaingia haiondoki kwa kuchomwa, kukaangwa wala kugandishwa, na samaki anaweza asinuke kabisa. Kwa kawaida dalili hutulia zenyewe ndani ya siku moja.

Hata hivyo, msimjaribishe mtoto nyumbani wala kwenye tamasha. Mpelekeni kwa daktari kabla ya Nane Nane, mkaeleze samaki alikuwa wa aina gani, alikaa wapi na nani mwingine aliugua. Mpaka daktari aseme, mhesabuni kuwa ana mzio wa kweli, maana yake asile hata muhogo au kachori zilizokaangwa katika karai lililokaangiwa samaki au pweza. Na wakati wowote akivimba midomo au ulimi, au akihema kwa shida, ni kukimbilia hospitali, si kusubiri.

Mchuuzi wa Deep Sea

Naunga mkono, na ninasema kama mtu anayeishi kwa samaki. Tatizo huanza kabla samaki hajafika jikoni. Jodari hutakiwa kufunikwa barafu tangu chomboni, na mwenye kumwanika juani saa nne nzima huku akimnyunyizia maji ili ang'are anamdhulumu mteja wake. Mimi mwenyewe nikienda kula nje, namwomba muuzaji anifungulie boksi. Nikiona barafu bado ni mabonge, matamvua ni mekundu, na nyama nikiibonyeza kwa kidole inarudi, nakaa nasubiri anichomee mbele ya macho yangu. Nikiona maji matupu yenye damu, naaga. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kuulizwa, hata kidogo.

Kwa baba na bibi, changu, tasi na chewa hawana shida hii kama jodari, ila wao pia wanahitaji barafu.

Baba Watatu, Sahare

Nendeni mapema, kabla vyakula havijakaa na kabla foleni hazijawa ndefu, na bibi atafutiwe kivuli chenye kiti kwanza. Kuhusu mtoto, mbona Tanga tuna mengi! Mkate wa kumimina, vitumbua vya moto kutoka kwenye chuma cha vitumbua peke yake, wali wa nazi na kuku, na machungwa ya Muheza yaliyomenywa kwa kisu yakatiwa chumvi na pilipili. Wote mkila hayo kwanza, mkiwa mmekaa pamoja kwenye mkeka mmoja, hataona kwamba kuna sahani yake na sahani yenu.

Mama Wawili, Chumbageni

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba kuugua kwa baba yake ni sehemu ya jibu. Wiki ijayo tutamwona daktari, na siku ya tamasha familia nzima haitagusa samaki mpaka mtoto ameshiba na kwenda kucheza mchangani. Bibi nimeshampigia simu, naye ameahidi kuja na kikapu cha machungwa, na mjukuu wake ndiye atakayeyagawa.