Kantri au roki: nyimbo zipi zina kisa cha kusimulia njiani?

Mzee wa Mizani:
Wadau, mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Utingo wangu mpya Kiingereza hakipandi, lakini hadithi anazipenda kuliko chai. Basi wimbo ukilia, namsimulia ubeti kwa ubeti. Juzi tulipotoka mizani ya Mariakani nikamwekea The Gambler wa Kenny Rogers, ule wa 1978. Wanaume wawili kwenye treni usiku, mzee mcheza karata anamlipa mwenzake kwa ushauri, kisha anafia usingizini. Kijana kimya mpaka Mackinnon Road. Halafu: "Yaani akili ya maisha yote kaiuza kwa funda moja la whisky?"

Nikajua nimepata msikilizaji. Sasa najaza flashi, nataka kumi tu, zenye kisa. Kantri au roki?

Binti Kibokoni:
Kantri, kaka, wala usijiulize mara mbili. Anza na A Boy Named Sue. Johnny Cash aliurekodi 1969 mbele ya wafungwa wa gereza la San Quentin, na vicheko vyao unavisikia mle mle. Baba anamtelekeza mtoto wa kiume baada ya kumpa jina la kike, mtoto anakua akipigana kila mtaa, anaapa kumtafuta baba amuue. Ila usimwambie utingo "Sue", hatacheka. Mwambie aliitwa Zuhura.

Coward of the County nao ni moto, lakini mle ndani mna mwanamke anayeumizwa vibaya. Pima kwanza umri wa kijana wako.

Ngoma Nzito:
Kantri ni nyimbo za matanga bwana. Mwekee Hotel California ya Eagles. Msafiri kachoka, usiku, barabara tupu, anaona taa kwa mbali, anaingia kulala, na kutoka ndiyo hakuna tena. Mtu wa lori atakosaje kuuelewa huo? Kisha Bohemian Rhapsody wa Queen, 1975. Mtoto anaungama kwa mama yake kwamba ameua mtu. Unataka kisa gani zaidi ya hicho?

Mzee wa Mizani:
Ngoma Nzito, huo wa Queen nilishaujaribu. Pale kwa mama tulikwenda vizuri, kijana hata kofia kavua. Zilipoingia zile sauti za opera nikakwama, nikawa nasema tu "hapa wanabishana… bado wanabishana." Mara akasikia Bismillahi, akakaa wima: "Huyu ni wa kwetu?" Nikamwambia mwimbaji wao, Freddie Mercury, kazaliwa Unguja, 1946. Tangu hapo anautaka kila siku, na kisa chenyewe hakijui mpaka leo.

Mama Fasihi:
Hapo ndipo zinapoachana. Kantri nyingi hukupa mtu, kosa na mwisho, kama ngano ya bibi. Roki mara nyingi hukupa hali: hofu, usiku, gitaa. Ukiisimulia bila gitaa inanywea. Hotel California uisimulie mara moja tu, ya pili atakuuliza, "Sasa ikawaje?"

Lakini mpaka wenyewe unavuja. The River wa Bruce Springsteen, 1980, ni roki, na bado ni kisa kamili: kijana anampa msichana mimba, wanaoana bila sherehe, kazi inaadimika. Fast Car Tracy Chapman aliutoa 1988, na 2023 Luke Combs akaupeleka kwenye kantri karibu neno kwa neno. Utauweka kapu gani?

Ukinilazimisha nichague mmoja, ni Ode to Billie Joe wa Bobbie Gentry, 1967. Familia iko mezani, wanapitishiana chakula huku wakizungumzia kijana aliyejirusha kutoka darajani. Mmoja tu chakula hakimpiti, binti wa nyumba. Kisha mama anataja kwamba binti anayefanana naye alionekana na yule kijana wakitupa kitu mtoni. Kitu gani? Wimbo hausemi.

Ngoma Nzito:
Wimbo unaonificha mwisho naona umenidhulumu.

Binti Kibokoni:
Na hotelini kwako mwisho uko wapi? 😂

Kijana wa Zamani:
Jamani El Paso wa Marty Robbins, 1959! Mchunga ng'ombe anaua kwa wivu, anatoroka, mapenzi yanamrudisha, anapigwa risasi. Kasoro moja tu: anayekufa ndiye anayesimulia.

Mzee wa Mizani:
Mrejesho. Flashi imeondoka na kantri sita, roki tatu, na Fast Car sijauwekea kabila.

Mama Fasihi, umeniponza. Ule wa darajani niliuweka Mtito Andei. Kufika Sultan Hamud kijana kashasema ni pete, Salgaa kabadilisha, ni barua. Jana kwenye foleni ya Malaba namkuta kazungukwa na matingo wenzake, anawasimulia. Daraja kalihamishia Mto Nzoia, na kilichotupwa kakitaja bila kupepesa macho, wenzake wote vichwa chini.

Nikamvuta pembeni: wewe umekijuaje? Akasema, "Mzee, wewe endesha."