Toroli lipo, limewekwa buibui watande, sisi tunavunjika viuno!

Assalamu alaykum ndugu zangu. Leo sinyamazi.

Mimi ni hamali, mwaka wa kumi na mbili huu, napakua saruji na mchele kwenye bohari moja hapa Pemba. Mzigo ukishuka bandarini Mkoani unaletwa kwetu na fuso. Mfuko wa saruji kilo 50, na malipo ni kwa mfuko, basi vijana wanajitwika miwili miwili ili wapate chochote. Kilo 100 mgongoni, na mlango wa bohari una ngazi tatu!

Tajiri akanunua toroli. Wallahi tulimuombea dua. Jioni ile ile kwenye hesabu akatukata nusu, eti "toroli ndilo lililobeba, nyinyi mmesukuma tu." Kwani zile ngazi limepanda lenyewe? Mmoja analivuta juu, wawili wako chini wanalisukuma kwa vifua! Kuzifanya ngazi zile mteremko ni mifuko mitatu minne ya saruji, mchanga, kokoto na fundi wa siku moja. Saruji jamani! Tumemuingizia maelfu ya mifuko, anaona uchungu kutoa minne.

Basi toroli liko pembeni, tumerudi kubeba.

Wiki iliyopita mwenzetu, kijana wa miaka 26, aliinuka na mfuko akasikia kitu kimemkwanyuka kiunoni. Hakupiga kelele. Aliutua mfuko polepole usipasuke, maana ukipasuka anakatwa, ndipo akakaa chini. Mpaka leo hata chooni anapelekwa kwa kushikwa mkono. Tajiri kampelekea elfu kumi na pole.

Na asije mtu kuniambia "ndio uhamali huo, hukulazimishwa." Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1967 juu ya uzito wa mizigo unasema vyombo vya kusaidia vitumike kadiri inavyowezekana, na pendekezo lililofuatana nao limeweka kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamme mzima. Mwenye kilo 100 mgongoni tumuweke wapi?

Tunataka mteremko, na bei ya mfuko ibaki ile ile, tubebe au tusukume. Nyinyi mnaopakua bandarini Malindi na kwenye maghala huko Unguja, mkitumia toroli mnakatwa? Niandikieni hapa, Jumamosi tunakaa na tajiri.